Nusu inapanda, sakafuni pamegoma: kutafuta chanzo kwenye dedilifti

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Mgongo vipi?"

"Mgongo hauna neno. Chuma ndicho kinanigomea."

Huyo ni kijana anayebeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na jioni anapiga vyuma. Kwa miezi mitatu mfululizo alikuwa anavuta nusu, yaani dedilifti (kuvuta chuma hadi usimame wima) inayoanzia kwenye pini za fremu, vile vyuma vinavyokishikilia chuma juu, badala ya sakafuni, na alikuwa ametoka kilo 160 hadi 220. Alipoanza, sakafuni alikuwa na 150. Nikamwambia tushushe chuma chini tuone. 150 ikapanda kwa taabu. 155 ikamgomea palepale ilipokuwa ikimgomea zamani, vidole vinne hivi chini ya goti. Kilo 60 za miezi mitatu hazikuonekana popote.

Nikamuuliza gunia la dagaa huwa analiokotaje. Akacheka. "Siokoti, kocha. Natwikwa." Wenzake wawili wanalishika huku na huku, wanalipandisha, yeye anaingiza bega na kuondoka. Jibu la swali lake alikuwa nalo mwenyewe tangu asubuhi. Pini zikiwa juu ya goti, na chuma nacho umetwikwa: sehemu ngumu ya safari imeshafanywa na fremu, wewe unamalizia. Kuvuta nusu ni dawa nzuri sana, naitumia mwenyewe, lakini dozi yake haiko kwenye kilo. Iko kwenye sentimita. Karibu kila lalamiko linaloniletewa kuhusu zoezi hili, nikifuatilia, naishia kwenye kimo.

Kabla ya kulaumu mgongo, pima

Chukua futi kamba ya fundi. Chuma kikiwa kimevaa sahani, yale magurudumu ya uzito, pima kutoka sakafuni hadi katikati ya unene wake. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma hukaa sentimita 22.5 kutoka chini, uwe Nyakato au Oslo. Jimu zetu nyingi za mtaani hazina sahani hizo. Kuna za zege zilizomwagwa kwenye karai, kuna zilizokatwa na fundi wa kuchomelea kwa kukadiria, kuna gia na rimu za magari. Sahani ya kipenyo cha sentimita 35 inakiweka chuma kwenye 17.5. Maana yake kila siku unavuta kama mtu aliyesimama juu ya ubao wa sentimita 5, na kwa mwenye mapaja marefu hizo 5 zinatosha kumharibia mkao mzima: mgongo unainama kama wa mvuvi anayekung'uta wavu. Mtu wa namna hiyo akiniambia "mimi sakafuni ni dhaifu", namwekea ubao mmoja chini ya kila sahani, na mara nyingi ugonjwa unaishia hapo. Hakuhitaji kuvuta nusu. Alikuwa hajawahi kuvuta nzima ya kawaida.

Rimu ya lori ya inchi 20 inafanya kinyume chake. Kipenyo kimezidi sentimita 50, chuma kinaanzia juu ya 25, na mwenye nayo anajisifia sakafu ambayo si sakafu.

Pima na uzito. Niliwahi kufanya mazoezi mahali ambapo sahani mbili zilikuwa zimeandikwa 20 kwa rangi nyeupe, mwandiko mzuri kabisa. Mwezi mzima nilikuwa najiuliza kwa nini upande wangu wa kulia unachelewa kupanda. Siku moja nikazifunga kamba, nikazipeleka kwa muuza sangara jirani, tukazining'iniza kwenye mizani yake. Moja ilisoma 17.6, nyingine 21.9. Muuza samaki alicheka kuliko mimi.

Mwisho ni simu. Iegemeze kwenye jiwe, maana Mwanza jiwe halijawahi kuadimika, usawa wa goti, ubavuni kwako, hatua tatu hivi kutoka ulipo. Vuta uzito unaokushinda kidogo. Halafu itazame polepole, na usiangalie chuma kinaposimama. Angalia kinapoanza kupunguza mwendo. Kinaposimama ni pale kasi ilipoisha, lakini udhaifu umeanza sentimita kadhaa chini yake. Pima kimo hicho na ukiandike. Mimi nakiita kimo cha mgomo. Cha yule kijana kilikuwa sentimita 40.

Nusu inapanda, sakafuni hakuna kitu

Hili ndilo lalamiko kubwa, na lina vyanzo vinne. Cha kwanza kinawapata wengi kuliko vingine vyote vikijumlishwa.

Pini zako ziko juu mno. Nguvu unayoijenga inakaa karibu na pembe ya viungo uliyoifanyia kazi. Ukitoka hapo kwenda mbali, inapungua. Chuma kikiwa juu ya goti, umbali kati ya nyonga na chuma umefupika, goti limeshanyooka karibu lote, na kilichobaki ni kusukuma nyonga mbele kidogo tu. Ndiyo maana namba zinakuwa tamu. Waangalie wababe wenyewe. Mwaka 2016 Eddie Hall alivuta kilo 500 kutoka sakafuni mjini Leeds, na mwaka 2020 Hafþór Björnsson akaongeza kilo moja. Kwenye ile dedilifti ya kimo cha inchi 18, karibu sentimita 46, Rauno Heinla wa Estonia alifikisha 580 mwaka 2022. Kati ya sakafu na nusu, wanaume hao wakubwa kuliko wote wametofautiana kwa chini ya asilimia 20. Kijana wangu nusu yake ilikuwa imeizidi sakafu kwa karibu asilimia 47. Hapo huhitaji hata futi kamba kujua kuwa kuna mtu ametwikwa.

Kipimo changu ni hiki: nusu ikiizidi sakafu kwa zaidi ya asilimia 20, shusha. Lengo ni kuanzia sentimita 3 hadi 5 chini ya kimo cha mgomo, ili upite mahali pagumu ukiwa tayari unavuta, usianzie ng'ambo yake. Pini za kijana zilikuwa kwenye sentimita 55. Tukampangia mbao hadi chuma kikakaa 36. Kilo 150 zilimtoa jasho, 155 zikagoma. Alinitazama kama abiria aliyeambiwa nauli imepanda akiwa ameshaketi.

Chanzo cha pili ni mkao. Chuma kikiwa juu, mwili unatafuta njia ya mkato: nyonga zinashuka, magoti yanaingia chini ya chuma, na zoezi linageuka kuwa la kuchuchumaa nusu. Linapandisha kilo nyingi na halifanani na chochote kinachotokea sakafuni. Dawa yake imo kwenye video uliyokwisha piga. Isimamishe pale ambapo chuma chako cha sakafuni kinapita kimo cha mbao zako, na utazame mwili wako ulivyo: ugoko umesimama karibu wima, nyonga ziko juu, mabega yametangulia mbele ya chuma kidogo. Huo ndio mkao wa kuanzia kwenye mbao. Ukikaa vizuri kuliko hapo, umejidanganya.

Cha tatu, kudundisha. Rudio la kwanza linaanza kwa utulivu, la pili na la tatu chuma kinagongwa kwenye pini kinaruka chenyewe. Ule mruko ndio unaokupitisha mahali ulipokuja kupafanyia kazi. Kila rudio likae kimya kwanza. Ukisikia jimu nzima inalia kama karakana, hakuna anayevuta nusu humo.

Cha nne ni kuiacha sakafu kabisa. Kuna wanaohamia kwenye pini kama mtu aliyehamia Capri Point, hawataki kurudi mtaani. Sakafu ibaki mara moja kwa wiki hata kama ni kwa uzito wa wastani, la sivyo mwili unasahau hatua ya kwanza.

Chuma hakiachani na sakafu

Kama kinagoma kabla hakijatoka chini, funga fremu uende zako. Kuvuta nusu kwa tatizo hili ni kumpa mwenye malaria dawa ya minyoo. Mara nyingi mapaja ya mbele ni dhaifu, au mtu anakinyakua chuma kwa pupa kabla hajakaza mwili. Chuchumaa zaidi, vuta na kusimama sekunde mbili sentimita chache kutoka chini, na chuma ukikaze kwanza mpaka usikie kikigusa tundu la sahani kabla hujasukuma sakafu kwa miguu. Ukiwa hodari, simama juu ya ubao mwembamba. Hayo tu.

Kinapita ugoko vizuri, kinagoma chini ya goti

Hapa ndipo kuvuta nusu kunapolipa, lakini bado usikimbilie mbao. Rudi kwenye video uangalie mambo mawili.

La kwanza, je, chuma kimekaa mbali na mguu? Hata sentimita 3 za upenyo kati ya chuma na ugoko zinaongeza mzigo mkubwa kiunoni, kwa sababu ileile inayomfanya mtu aliyebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa achoke kabla ya jirani yake aliyeikumbatia. Chanzo ni misuli ya mbavuni, ile inayoshuka kutoka kwapani. Haijakazwa. Nawaambia watu wafikirie wamebana gazeti kwapani na hawataki lidondoke. Wengi wanaelewa palepale. Soksi ndefu au suruali itakuokoa ngozi ya ugoko. Ukiona huchubuki kabisa kwa miezi, huenda chuma chako kinasafiri mbali.

La pili, je, nyonga zimetangulia? Angalia kama makalio yanapanda huku chuma kikiwa bado chini. Hapo mapaja yamekimbia kazi, na mgongo peke yake unakuta chuma gotini. Kuvuta nusu kutamsaidia mtu huyu kidogo tu. Apunguze mzigo wa sakafuni kwa asilimia 15 na ajifunze kupandisha mabega na nyonga kwa pamoja.

Kama yote mawili yako sawa na bado panagoma, basi ni udhaifu wa kweli na mbao ni zako. Nasema mbao, si pini, kwa sababu moja. Ukivuta kutoka sakafuni, sahani zinabaki chini kwa muda mfupi huku chuma kikijipinda kidogo katikati, halafu ndipo zinafuata. Ukiziweka sahani juu ya mbao, hali hiyo inabaki. Pini zinakishika chuma chenyewe kwa ndani ya sahani, kwa hiyo kinaanza kwa namna nyingine kabisa, na kwa uzito mkubwa ladha inatofautiana. Pini si haramu. Ila ukiweza kuchagua, chagua mbao. Masalia ya mbao za inchi mbili yanapatikana kwa mafundi seremala kwa bei ya soda chache. Kila ubao ni karibu sentimita 5. Tafuta na vipande vya sentimita 2.5 kwa ajili ya kurekebisha. Vipigiliwe misumari viwe tofali moja, vifunikwe kipande cha tairi ili sahani isiteleze. Vikiwekwa juu ya udongo mtupu vitazama upande mmoja baada ya mvua, kwa hiyo tandika juu ya sakafu ngumu.

Mpango niliompa kijana ulikuwa mwepesi kuliko alivyotaka. Jumanne sakafuni, seti 3 za marudio 3, asilimia 80 ya uwezo wake. Ijumaa mbao kwenye sentimita 36, seti 4 za marudio 4, akianzia kilo 125. Akimaliza marudio yote kila moja likianza kwa kimya, wiki inayofuata anaongeza kilo 5. Wiki ya nne seti zinakatwa nusu, hata kama anajisikia simba. Wiki ya saba tulijaribu sakafuni: 165 ikapanda, ikipita kwenye sentimita 40 polepole bila kusimama.

Ipo njia nyingine ninayoipenda kwa wasio na sahani za kutosha: uzito unabaki uleule, kimo ndicho kinachoshuka. Unaanza juu kidogo, na kila wiki mbili unaondoa kipande cha sentimita 2.5 mpaka ufike sakafuni. Si wazo jipya. Paul Anderson, Mmarekani aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki huko Melbourne mwaka 1956, anasimuliwa kuwa alichimba shimo, akasimama ndani yake na kuchuchumaa na mzigo uliokaa kwenye kingo, kisha akawa anarudisha udongo kidogo kidogo ili kila mara alazimike kushuka zaidi. Sisi kwa Mwanza hii, ukichimba shimo la magoti umeshakutana na mwamba. Tubaki na mbao.

Kimepita goti, juu hakifungi

Mtu amefika katikati ya paja, magoti yanaanza kutetemeka, chuma anakiegemeza pajani na kukisogeza kwa vipande vipande. Kwenye mashindano ya powerlifting (kuchuchumaa, benchi na dedilifti) hiyo inahesabika kushindwa. Jimuni watu wanashangilia.

Kama mgongo umenyooka na bado nyonga hazifiki mbele, misuli ya makalio ndiyo inayodaiwa. Hapa chuma kiwekwe usawa wa chini kabisa wa kofia ya goti, sio juu yake, na juu kabisa ushikilie kwa sekunde mbili huku umebana makalio. Kama mgongo wa juu umejikunja wakati wa kupanda, nyonga hazina nafasi ya kufunga hata zikiwa na nguvu za punda. Huyo anahitaji kazi ya kuvuta chuma kuelekea tumboni akiwa ameinama, pamoja na uzito mdogo sakafuni.

Kosa linalofanana na hili ni kuegemea nyuma mno juu, mtu anajipinda kama upinde kuonyesha kwamba amemaliza. Kusimama wima kunatosha. Kule kujipinda hakuongezi nguvu, kunaongeza maumivu ya kiuno wiki ijayo.

Viganja vinafunguka

Kabla hujajiita dhaifu, pima unene wa chuma. Cha mashindano kina milimita 28 au 29. Jimu nyingi za mtaani zinatumia bomba, na lile bomba la inchi moja na nusu lina karibu milimita 48 kwa nje, kwa sababu inchi zinazotajwa dukani si unene wa nje. Vidole havikutani na dole gumba. Ukivuta 140 kwenye bomba hilo kwa mikono mitupu una viganja kuwazidi wengi wanaokucheka.

Ya pili ni jasho. Ukivuta mchana jirani na ziwa, kabla ya mvua kubwa, chuma kinateleza kama sato aliyetoka majini. Chaki ya wanyanyua vyuma ni magnesi kaboneti, inakausha kweli. Chaki ya mwalimu ni kitu kingine, kwa kawaida jasi au chokaa; inachafua kiganja tu na kukupa imani ya bure. Kama huna ile yenyewe, taulo kavu na kuvuta saa kumi na mbili asubuhi vitakusaidia zaidi.

Ya tatu ni namna ya kushika. Kiganja kimoja mbele na kingine nyuma kunazuia chuma kuzunguka, ila mkono unaotazama mbele usikunjwe kiwikoni hata kidogo. Msuli wa mbele wa mkono huo ndio hukatika kwenye dedilifti. Kufungia dole gumba ndani ya vidole kunauma kwa wiki tatu kisha unazoea.

Mikanda ya mkono je? Kwenye kuvuta nusu naikubali, kwa sababu lengo la siku hiyo ni mgongo na nyonga. Lakini kwenye mashindano ya powerlifting hairuhusiwi, na ukiivaa kila siku utakuja kuwa na mgongo wa kilo 200 na viganja vya 140. Utaratibu wangu ni kwamba seti za mwanzo zivutwe kwa mikono mitupu, mikanda ivaliwe kwenye mbili za mwisho tu. Sakafuni isivaliwe kabisa.

Kiuno kinauma

Tenganisha mambo. Uchovu mzito wa misuli pande zote mbili za uti wa mgongo, unaoanza kesho yake na kuisha siku ya tatu, ni bei ya kazi. Ukizidi siku nne, uzito ulikuwa mkubwa au seti zilikuwa nyingi; punguza theluthi moja.

Maumivu makali ya ghafla wakati wa kuvuta, au yanayoshuka makalioni hadi mguuni, au ganzi na mguu kukosa nguvu, si suala la mbao tena. Acha kuvuta, nenda hospitali ukaonwe. Na ukipata ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia haja, usisubiri kesho. Hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Nasema wazi kwa sababu nimeona vijana wakienda kwanza kukandwa na mafuta ya moto na mtu asiyejua anachokishika.

Katikati ya hayo mawili kuna maumivu ya mtu anayevuta kwa pumzi nusu. Vuta hewa tumboni mpaka kiuno kitanuke pande zote, kaza kama unayesubiri ngumi, ndipo uvute. Mkanda unasaidia kama kuna kitu cha kuusukuma. Ukifungwa juu ya tumbo legevu ni pambo.

Umechoka mwili mzima

Usingizi haukutoshi, chuma cha kupasha mwili moto kinaonekana kizito, ngazi za mawe za kupanda kwako Mabatini zimeongezeka usiku. Kuvuta nusu kunakuruhusu kushika kilo nyingi, na mwili unazilipia kilo hizo zote hata kama safari ilikuwa fupi. Mara moja kwa wiki inatosha, wiki tano au sita, kisha acha kwa muda kama huo. Anayebeba magunia mchana kutwa apunguze zaidi. Kijana wangu tulimhamisha Ijumaa kwenda Jumapili kwa sababu Ijumaa mzigo ulikuwa mwingi mwaloni. Na ale. Ugali na dagaa ni chakula cha mnyanyua vyuma tangu zamani, hakuna sababu ya kuuza dagaa ukanunue unga wa kopo.

Chuma kinayumba au kimepinda

Ukivuta na kuhisi chuma kinajizungusha mkononi chenyewe, kiweke kitupu juu ya pini mbili, kizungushe kwa vidole na utazame ncha. Ncha ikichora duara, kimepinda. Sababu ya kawaida ni chuma chembamba cha kuchomelea kinachodondoshwa juu ya pini kikiwa na kilo nyingi: uzito wote wa pembeni unakivunja mgongo kwenye zile nukta mbili. Hii ni sababu nyingine ya kupenda mbao, maana zinazibeba sahani zenyewe. Kama pini ndizo ulizonazo, shusha kwa mkono, usiachie, na zifunge vipande vya tairi.

Angalia na fremu yenyewe, hasa pale pini zinapoingilia. Ukiona mstari mwembamba wa kutu kwenye maungio ya kuchomelea, huenda ni ufa; mwite fundi kabla hujaongeza hata kilo moja. Chuma kilichopinda usijaribu kukinyoosha kwa nyundo, kitarudia palepale. Chetu tulikipeleka nyuma ya jimu, sasa kinashikilia turubai la mama anayetuuzia uji.